Nilivua headset ya shirika nikavaa ya kwangu, injini ikazima juu ya Ziwa Victoria

Wakuu, salaam kwenu nyote. Na kama humu kuna walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mstaafu, nipo zangu Buhongwa nafuga kuku wa mayai. Hii habari sijawahi kumsimulia mtu ikiwa kamili. Hata mama watoto anajua nusu tu, ile nusu ninayoonekana shujaa.

Leo naweka yote. Chumvi hakuna, maana ningekuwa natia chumvi ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hii mtakayoiona.

Kilichonichokoza ni ule uzi wa vijana wanaobishana kama rubani avae headset anayopewa na kampuni au anunue yake binafsi. Nimeusoma wote na miwani yangu ya kusomea. Wengi mmeandika mambo ya ubora na muonekano. Nikacheka, halafu nikaacha chai ikapoa mkononi hadi binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Basi bwana.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na kila mtu ni Ndugu. Mimi nilikuwa Ndugu Rubani, kijana wa Kisukuma wa miaka ishirini na sita, nimetoka masomoni nje, na shirika moja dogo la ndege (jina naliacha) likanipanga kituo cha Mwanza.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini mbili. Rubani mmoja mbele, abiria saba au wanane nyuma yake, bila ukuta wala pazia. Aliyekaa siti ya kwanza angeweza kukutoa uzi kwenye kola ya shati.

Tulizunguka ziwa: Mwanza, Musoma, Bukoba, kisha Mwanza tena.

Sasa naomba niseme kuhusu tabia yangu ya wakati ule, la sivyo hamtaelewa mengine.

Nilikuwa na maringo ya kuudhi. Nilivaa sare ya urubani hata siku ambazo sina zamu. Nilipita nayo sokoni Kirumba nikijifanya natafuta mtu. Miwani ya jua sikuivua hata nikiwa ndani ya nyumba. Jumapili moja niliingia nayo kanisani, nikitoka kwenye jua kali, nikaenda moja kwa moja kumkalia mzee wa kanisa mapajani.

Sikuivua hata baada ya hapo.

Turudi kwenye headset. Pale kituoni tuliziita masikio. Tulikuwa marubani wanne na masikio ya shirika matatu. Meusi, mazito, sponji zimekwisha, moja limefungwa na mpira wa tairi la baiskeli. Yalinuka mafuta ya nywele ya watu wanne, na nywele zenyewe za wakati ule mnazijua, zilikuwa nyingi.

Ukivaa, kelele za injini zinaingia zote kama vile hujavaa kitu. Unashuka jioni masikio yanalia hadi kesho yake.

Nilikuwa nikiyavaa najiona nimevaa kofia ya marehemu.

Hapo ndipo akatokea mzungu mmoja, rubani wa ndege ya misheni, aliyekuwa amemaliza muda wake anarudi kwao. Alikuwa na headset yake mwenyewe ya kijani, mito ya ngozi imejaa, laini kama shavu la mtoto. Siku moja alinivalisha ndani ya ndege yake injini ikiwa inanguruma.

Kimya, wakuu. Nilisikia mate yangu nikimeza.

Sikulala vizuri wiki nzima. Nikamfuata, nikamuuliza anataka nini. Akaniambia anamtafutia katekista wake baiskeli.

Mimi nilikuwa na baiskeli. Ndiyo iliyokuwa ikinitoa Kirumba hadi uwanja wa ndege kila asubuhi. Kupata baiskeli nyingine miaka ile ilikuwa kama kuomba upewe meli.

Nikampa.

Kuanzia siku hiyo nikawa naenda kazini kwa miguu, headset ya kijani shingoni, waya nimeukunja mfukoni. Nikifika nimeloa jasho, lakini njia nzima nimetazamwa. Mama mmoja alinisimamisha pale Kirumba akaniambia, "Daktari, samahani, nina mtoto anakohoa siku ya tatu leo."

Alidhani ni kile kipimo cha kusikilizia kifua.

Mtu mwenye akili angemwelekeza hospitali na kumwambia mimi si daktari. Mimi nilimwelekeza hospitali. La kwamba mimi si daktari nikaliacha.

Pale uwanjani tulikuwa na fundi mmoja, Fundi Magesa, Mjita wa makamo, mtu wa maneno machache. Injini yeye, redio yeye, hata choo kikiziba anaitwa yeye. Nilimpelekea masikio yangu ayaone, nikitegemea sifa.

Akayageuza geuza. Akatazama maiki.

"Hii maiki si ya redio zetu," akasema.

"Fundi, plagi inaingia vizuri kabisa."

"Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha mke wangu."

Akanirudishia, akaendelea na kazi yake.

Kwa wasiojua: redio za ndege si zote zinakubali maiki yoyote. Maiki isiyolingana inaweza kukufanya usikie vizuri lakini wewe usisikike, au usikike kidogo sana. Hayo nilifundishwa darasani. Niliyajua. Nilijaribu kuita mnara nikiwa chini, mwongoza ndege akanijibu, "Tunakusikia kwa mbali, kama mtu yuko kisimani."

Nikasema watazoea.

Meneja wetu alikuwa na amri moja tu juu ya jambo hili: kila rubani avae masikio ya shirika, kwa sababu ndiyo Fundi aliyokuwa akiyapima kila wiki. Amri ya maana. Mimi nilikuwa nayachukua asubuhi, nasaini daftari mbele yake, kisha nayatupia kule nyuma kabisa kwenye mizigo ndani ya mfuko wa turubai, navaa yangu.

Safari nne hivyo, hali ya hewa shwari, hakuna aliyekuwa na haja ya kunisikia. Nikaona nimewashinda wote.

Siku ya tano tuliondoka Mwanza asubuhi, tukashuka Musoma, tukavuka kwenda Bukoba. Bukoba nikapakia abiria saba. Nitawataja wawili tu. Siti ya nyuma kabisa alikaa mchungaji mmoja wa Kilutheri, mrefu, magoti yanagusa kidevu. Siti ya nyuma yangu alikaa mama wa Kihaya, Ma Kokugonza, mkulima wa kahawa, anakuja Mwanza kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuwa amebeba kopo kubwa la senene waliokaangwa, wale panzi wa kwao, kwa ajili ya mzazi; tukaliweka nyuma kwenye mizigo.

Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliniuliza, "Baba, itatufikisha?"

Nikamjibu, "Ma, uko na mimi." Ndivyo nilivyojibu. Sikusema uko na Mungu, sikusema ndege ni nzima. Uko na mimi.

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha kiufundi, ni chepesi.

Ndege ile ilikuwa na matangi makubwa na matangi madogo. Ukishapaa na kutulia juu, unageuza vitasa unatumia tangi dogo kwa dakika kadhaa, huku unatazama saa, kisha unarudi tangi kubwa. Ukisahau, tangi dogo linakauka na injini inaanza kukohoa. Unasikia, unageuza kitasa, yamekwisha. Kila rubani wa ndege zile alishawahi kusahau, na injini ikamkumbusha kwa sauti yake.

Kwa sauti yake. Mimi nilikuwa nimebadilisha baiskeli ili nisiisikie.

Tulipaa Bukoba, nikageuza vitasa vyote viwili tangi dogo. Matangi yale nilikuwa nimeshayanywa nusu kwenye safari ya Musoma. Saa nilikuwa nayo mkononi. Sikuitazama. Nilikuwa najitazama mwenyewe kwenye kioo cha kipimo kimoja pale mbele, jinsi ile kijani inavyokaa na miwani.

Jua zuri, ziwa chini limetulia, visiwa vinapita kimoja kimoja. Nilikuwa naimba. Kuna kibwagizo cha ngoma za kwetu Usukuma nilikipenda, nikawa nakirudia.

Ndege ikavuta kushoto kidogo. Nikasema upepo wa ziwa huo. Nikakanyaga pedali ya kulia, nikaendelea kuimba.

Ikavuta tena. Nikakanyaga zaidi.

Nikahisi napigwa begani. Sikugeuka. Nikainua mkono na kupunga taratibu, ule mpungo wa kumwambia abiria tulia mama, tutafika. Nikapigwa tena, sasa kwa ngumi. Halafu mkono ukaja ukashika sikio langu la kulia la ngozi, ukalivuta pembeni, na sauti ikaingia:

"Baba! Mashine yako inakohoa! Tangu kile kisiwa cha nyuma inakohoa!"

Na pamoja na sauti yake ikaingia sauti nyingine. Kho. Kho kho. Kimya. Kho. Halafu injini ya kushoto ikanyamaza, pangaboi ikawa inazungushwa na upepo tu.

Wakuu, mngefanya nini?

Mimi nililirudisha lile sikio mahali pake.

Nimefikiri miaka mingi kwa nini nilifanya vile. Jibu ni kwamba nilitaka ile kelele iishe. Ikaisha. Ndege ikaendelea kushuka.

Nikabonyeza redio nikauita mnara wa Mwanza. (Tulikuwa tunaongea Kiingereza redioni, ila nawaandikia kwa lugha yetu.)

"Mwanza, Mwanza, injini ya kushoto imezima, nashuka."

Mwongoza ndege akajibu, sauti safi kabisa, kana kwamba amekaa ndani ya kichwa changu: "Kituo kinachoita, tunasikia mvumo tu. Sema tena."

Nikasema tena. Nikapiga kelele. Nikaishika maiki na kuiingiza karibu mdomoni.

"Kituo kinachoita, umefungua redio lakini husemi. Sema tena."

Namsikia vizuri ajabu. Yeye hanisikii. Maji yanasogea.

Hapo ndipo nikageuka kwa mara ya kwanza nikawatazama abiria wangu. Sitaki kueleza nyuso zao. Nikapiga kelele kwa mchungaji: "Mchungaji! Nyuma yako, kwenye mizigo, mfuko wa turubai! Nipeni masikio ya shirika!"

Mchungaji hakujua masikio ya shirika ni nini, na simlaumu. Akapekua, akapata mfuko mwingine, akatoa humo alichokiona kina uzito, akampa wa mbele yake, naye akampa wa mbele yake, mkono kwa mkono, hadi kikanifikia mimi begani.

Nikapokea. Nikatazama.

Kopo la senene.

"Hao ni wa binti yangu!" Ma Kokugonza akasema, akaninyang'anya. Hata pale tunapokwenda kuzama alilikumbatia vizuri, kifuniko juu.

"Nyeusi, mchungaji! Ina waya! Inanuka!"

Sasa akaelewa. Yakaja, mkono kwa mkono, yale meusi yenye mpira wa tairi. Nikang'oa ya kijani, nikachomeka ya shirika, nikayavaa.

Kelele zote za dunia zikaingia. Upepo, vyuma kugonga, mtu analia, mchungaji anasali Kiswahili na Kihaya kwa zamu. Na katikati ya kelele hizo nikasikia injini ya kulia, iliyokuwa imebaki peke yake, ikitoa kikohozi kimoja kifupi.

Kho.

Kile kikohozi nilikijua. Kule masomoni mwalimu alikuwa akitusikilizisha kwa makusudi hadi tunachoka. Ni injini yenye kiu. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kitasa cha kulia, tangi kubwa. Ikatulia. Kisha cha kushoto, tangi kubwa, pampu. Ikakohoa, ikatetemesha ndege nzima, ikawaka.

Tulikuwa chini kiasi kwamba nilimwona mvuvi ndani ya mtumbwi wake, shati la mistari, ameacha kasia anatutazama, mdomo wazi.

Nikainua pua ya ndege taratibu. Nikaita mnara.

"Sasa tunakusikia vizuri sana," mwongoza ndege akasema. "Ulikuwa na shida?"

Kumbe hapo ndipo shida yenyewe ilipoanzia.

Nikamjibu, "Injini ya kushoto ilizima yenyewe. Imerudi."

Yenyewe.

Tulitua salama. Gari la zimamoto lilikuwepo, Meneja alikuwepo, nusu ya wafanyakazi walikuwa wamesimama kwenye majani. Mchungaji alipiga magoti kwenye lami. Ma Kokugonza akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Umetuokoa, baba. Mungu akuzidishie."

Mimi nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyezoea kuokoa watu.

Kwenye ripoti nikaandika: injini ya kushoto ilizima bila sababu kujulikana.

Sasa fikirini. Injini ikizima bila sababu, anaulizwa nani? Anaulizwa fundi.

Kesho yake kukawa na mkutano wa wafanyakazi, mnakumbuka mikutano ile mliokuwepo. Kwanza nilishambuliwa kidogo mimi, Ndugu mmoja wa mizigo akasema Ndugu Rubani ana masikio ya kibepari, anajitenga na wenzake. Nikasimama nikatoa hotuba ndefu juu ya usalama wa anga. Nilipigiwa makofi.

Kisha wakamgeukia Fundi Magesa. Mtu mmoja akatamka neno hujuma.

Vijana hamwezi kujua uzito wa neno lile wakati ule. Mtu alikuwa anaweza kuchukuliwa kwa neno lile na usijue amepelekwa wapi. Chumba kikapoa. Meneja akaamua: Fundi asiguse ndege nyingine yoyote, aifungue injini ile ya kushoto yote hadi aone ubovu. Asipouona, aende makao makuu Dar akajieleze.

Ubovu haukuwepo, wakuu. Injini ilikuwa nzima kama mimi.

Akaanza kuifungua. Alitandika turubai ndani ya banda, akawa anatoa kipande, anakisafisha kwa mafuta ya taa, anakitazama kwenye mwanga, anakiweka kwa mpangilio. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Mke wake alileta chakula akakiacha kinapoa.

Mchana wa siku ya pili nilipita pale, nikijifanya natafuta kitu. Akaniita. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, macho mekundu.

"Rubani, nisaidie kitu kimoja. Ilikohoa kwanza, au ilikatika ghafla?"

Mnaona swali lile? Ningesema ilikohoa, angejua palepale. Fundi gani asiyejua kikohozi cha tangi kavu? Angefunga turubai lake aende kula.

Nikamwambia, "Ghafla."

Neno moja. Hilo neno ndilo sababu ya uzi huu. Mengine yote niliyoandika hapo juu naweza kuyacheka. Hilo siwezi.

Akasema, "Asante," akarudi kwenye vipande vyake.

Ningependa kuwaambia kwamba usiku ule dhamiri ilinisuta nikaamka alfajiri kwenda kuungama. Hapana. Nililala vizuri na niliamka nikapiga pasi sare.

Siku ya tatu akaja Ma Kokugonza. Kafunga safari kutoka kwa binti yake huko Mkolani, kitambaa kipya kichwani, mkononi kifurushi cha ndizi na karatasi ya senene waliopona. Amekuja kumshukuru rubani. Wakamwelekeza bandani, na mimi nilikuwa pale mlangoni.

Akanipa vitu vyake. Nikapokea. Akamwona Fundi amekaa katikati ya vipande, akauliza kulikoni. Nikasema ni ile injini, mama, tunatafuta ubovu.

"Ile iliyokuwa inakohoa?" akasema. "Baba, ilikohoa sana ile. Nilimpiga mwanao huyu begani hadi mkono ukauma, hasikii, anaimba. Halafu na nyingine nayo ikaanza. Akageuza kile kitu cha chini, zote mbili zikanyamaza kukohoa. Mtoto ana akili huyu."

Alisema kwa kunisifu, wakuu. Kwa moyo mweupe kabisa.

Fundi aliweka chini kipande alichokuwa nacho. Alikiweka polepole, mahali pake, kwenye mstari. Akanitazama.

Nilikuwa nimeshika ndizi.

Ma alipoaga akaondoka, Fundi akasema, "Nani aende kwa Meneja? Mimi au wewe?"

"Mimi, Fundi."

"Nenda basi."

Kutoka bandani hadi ofisini kwa Meneja ni hatua kama mia mbili. Nimeruka nchi nyingi baada ya hapo, sijawahi kwenda safari ndefu vile. Nilimwambia yote: matangi, headset, kuimba, na lile neno. Lile neno nilimwambia mwisho, na ndilo lililomfanya avue miwani yake.

Kufukuzwa kulikuwa halali yangu. Meneja akamwita Fundi amuulize anataka nifanywe nini, maana yeye ndiye aliyekaribia kupelekwa Dar. Fundi akafikiri kidogo, akasema, "Injini ina vipande vingi. Mikono yangu peke yake itachukua miezi miwili. Nipeni huyu."

Hivyo ndivyo nilivyovuliwa sare miezi miwili nikavaa overoli. Mchana nafunga injini na Fundi, jioni nashonea masikio ya shirika mito mipya, ya vitambaa vya khanga na sponji ya godoro bovu. Yalipendeza. Moja lilikuwa na maua.

Ile ya kijani niliirudisha misheni waitumie wao, redio zao inazikubali. Baiskeli sikuidai, katekista alikuwa ameshaizoea.

Mwezi wa kwanza Fundi hakuniambia kitu zaidi ya spana kumi na tatu, bisibisi, kitambaa. Nilikuwa namuamkia, anaitikia, basi. Mwezi wa pili, injini ilipokwisha kufungwa, akaanza kunisimamisha nyuma ya bawa ikiwa inawaka, macho nimefumba. Anaivuruga kidogo kwa makusudi, anauliza, "Ina nini?" Mwanzoni nilibahatisha. Baadaye nikawa nasikia kweli. Nilishangaa jinsi injini inavyoongea mambo mengi.

Kuomba msamaha nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili alinikatiza akaomba spana.

Siku niliyorudishiwa kuruka nilikuwa na abiria watano wa Bukoba. Nimekaa, nimevaa masikio ya shirika, yale ya maua. Mlango wa mbele ukafunguka, Fundi Magesa akapanda na overoli lake, akakaa siti ya kulia kwangu, ile iliyokuwa tupu siku zote.

"Fundi, kuna tatizo?"

"Naenda Bukoba."

Hakuwa na shughuli yoyote Bukoba. Tulijua wote wawili.

Tukapaa. Hakuvaa chochote masikioni. Alikaa wima, mikono magotini, anatazama injini ya kushoto. Nikageuza tangi dogo, nikatazama saa. Dakika zikatimia, nikasema kwa sauti, "Narudi tangi kubwa." Nikageuza. Akatazama mkono wangu ukitoka kwenye kitasa, akatikisa kichwa mara moja kukubali, akageukia dirishani tena.

Tulipopita visiwa vya katikati nilimtazama.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma, injini zote mbili zinanguruma sikioni mwake. Fundi ambaye nilimuuza kwa neno moja, juu ya maji, mimi nikiwa rubani.

Nilitua Bukoba kwa upole kuliko nilivyowahi kutua. Sikutaka agutuke.

Wakuu, kuhusu ubishi wenu: nunueni headset zenu tu, za siku hizi zimetengenezwa vizuri na zinapimwa. Hakikisheni zinalingana na redio, na ile ya kampuni msiitupie nyuma kwenye mizigo. Hilo ni la marubani.

La kwetu wote ni hili. Kosa langu la tangi lilirekebishika kwa kugeuza kitasa. Lile la kumjibu Fundi uongo lilinichukua miezi miwili, na sijui hata kama yeye alilisahau au aliamua tu kusinzia. Mtu akikuuliza swali ambalo jibu lako litamtoa yeye kwenye matatizo na kukuingiza wewe, jibu haraka, kabla hujaanza kujipenda.

Nimemaliza. Mafundi, marubani, na yeyote aliyewahi kumbebesha mwenzake kosa lake, uwanja ni wenu. Mnaotaka kunichana nichaneni bila huruma, nimekaa kibarazani, kuku wameshakula, na nasoma kila mnachoandika.